Mbwa wa mbegu kubwa Nyanda za Juu Kusini: wauzaji na wafugaji, mnawalemaza

Kamwene wakuu.

Kuanzia Mafinga hadi Tunduma, kila aliyemaliza kujenga ukuta sasa anataka mbwa wa Boerboel au Caucasian getini. Kutaka si kosa. Kosa ni kinachofuata: kitoto cha wiki 5 kinauzwa ndani ya boksi la sabuni, mnunuzi anahakikishiwa kwamba "huyu halishwi tofauti na koko", akifika nyumbani anakifunga mnyororo chini ya mparachichi. Kabla ya mwaka miguu ya mbele imepinda, nyonga zimelegea, kunyanyuka asubuhi ni mateso. Hapo mwenye mbwa anatangaza mtaa mzima kwamba kauziwa mbegu mbovu. Mara nyingi mmemlemaza wenyewe kwa chakula, sakafu na mnyororo, na muuzaji aliyekuwa na wajibu wa kuwaambia alinyamaza ili auze haraka.

Tuanze na sufuria. Boerboel dume aliyekomaa hufika kilo 60 hadi 80, na mifupa yake haimalizi kukua mpaka miezi 18 hadi 24. Koko humaliza mapema na mwili wake ni mwepesi, ndiyo maana anabahatisha kwa ugali mtupu. Huyu hawezi. Dona ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Nyama tupu nayo, hata ile steki mnayojivunia kumnunulia, ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati mwili wa mbwa unataka kalsiamu ilingane na fosforasi au izidi kidogo. Kalsiamu inayokosekana kwenye sahani inachotwa kwenye mifupa. Nyayo zinatandazika, vidole vinaachana, mfupa unavunjika mbwa akiruka ngazi mbili tu.

Mkishaona miguu inapinda mnakimbilia duka la dawa za mifugo, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Muuza duka anatoa kalsiamu ya ng'ombe, ya kuchoma au ya unga, bila kuuliza mbwa ana umri gani wala anakula nini. Utumbo wa kitoto cha chini ya miezi 6 haujui kuikataa kalsiamu iliyozidi. Inaingia tu, gegedu zinashindwa kugeuka mfupa kwa mpangilio, viungo vinaharibika kwa njia nyingine. Upungufu unalemaza na ziada inalemaza! Mguu uliopinda unatibiwa kwa kurekebisha sufuria ukiwa na daktari wa mifugo pembeni, si kwa sindano ya kukisia.

Kama mfuko unaruhusu, mpe chakula kikavu cha watoto wa mbegu kubwa mpaka miezi 18. Soma lebo: kalsiamu isizidi asilimia 1.5, na ukitumia hicho usiongeze kalsiamu nyingine yoyote. Mbwa mzima wa kilo 60 anaweza kuishi kwa chungu cha nyumbani. Kwa siku: unga gramu 350 hadi 400, nyama ya kichwa, moyo na utumbo gramu 600 hadi 700, dagaa wakavu wa Nyasa gramu 100 waliopepetwa mchanga na kupondwa na mifupa yao (kalsiamu yake iko hapo), kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, na mboga kidogo. Ukikosa dagaa, chemsha maganda ya mayai, yakaushe, uyasage. Kijiko cha chai kina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kisha pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kukandamiza. Kitoto kibonge kinachosifiwa na majirani kinabeba uzito ambao viungo vyake laini haviuwezi.

Na acheni kumtupia mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni. Mle mna vifuko vya minyoo tegu. Mbwa akila, mayai yanatoka na kinyesi na kumfikia mtoto anayecheza uani. Chemsha mpaka yaive kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu yanayoonekana hayafai kwa watu, kwa mbwa pia hayafai. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ndiyo hiyo hiyo inayoua ini la mbwa: anakataa kula, macho yanakuwa ya njano, anakufa. Mabaki ya hotelini yana vitunguu vinavyovunja chembe nyekundu za damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali. Kuna mpaka wanaomwaga machicha ya komoni kwenye bakuli. Pombe ni sumu kwa mbwa, basi.

Jambo linaloua kwa haraka kuliko yote hakuna muuzaji anayelitaja: tumbo kujaa gesi na kujisokota. Mbegu hizi zenye kifua kirefu ndizo zinazopatwa zaidi, Great Dane akiongoza. Mnamlisha mara moja tu, sufuria nzima usiku, anaifakamia, kisha mnamfungulia akimbie uwanjani. Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku, mpumzishe saa moja kabla na saa mbili baada ya kula. Akianza kujikakamua kutapika bila kutoa kitu, mate yanamtoka, hatulii, tumbo limevimba na ukiligonga linalia kama ngoma, usimpe soda, mafuta wala maziwa. Anahitaji kutolewa gesi na kupasuliwa ndani ya saa chache. Hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) iko Morogoro, na kutoka Makambako au Mbeya mbwa huyo hafiki. Tafuta leo daktari wa karibu anayeweza kupasua, hifadhi namba yake, umuulize kama anapokea usiku.

Sakafu. Saruji tupu kwa kilo 70, kwenye baridi ya Njombe na Makete ya Juni na Julai, inazaa sugu na mifuko ya maji kwenye viwiko, na sugu zikipasuka zinaoza. Jenga kitanda cha mbao sentimita 15 hadi 20 juu ya saruji, weka maranda kina cha sentimita 10, badilisha kila wiki. Mufindi maranda yamejaa kwenye viwanda vya mbao, hakuna kisingizio. Ila usichukue yanayotoka kwenye mbao au nguzo zilizopigwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa hiyo ina aseniki. Kitoto kisirushwe juu wala kuruka kutoka kwenye pikapu kabla ya miezi 18.

Kupe kwa ufupi: dawa ya kuogeshea ya amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, ipimwe kwa bomba la sindano, isipakwe kwa watoto wa chini ya miezi 3. Dawa za josho za jamii ya oganofosfeti zisimguse mbwa kabisa. Akitetemeka na kutokwa mate baada ya kuogeshwa, mmemtilia sumu.

Sasa hili la ukali. Pilipili puani, bangi kwenye ugali, kufungiwa gizani wiki nzima ili "awe mkali": ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo. Caucasian amezalishwa vizazi na vizazi kulinda kondoo dhidi ya mbwamwitu. Kumshuku mgeni anako tayari. Namibia, tangu 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wa jamii ya Kangal kulinda mbuzi dhidi ya duma, na wanachofanya ni kumkuza mbwa pamoja na mbuzi tangu mdogo. Anachohitaji kati ya wiki 3 na 16 ni kuona watu, watoto, bodaboda, kuku na mwavuli bila kuumizwa. Asipoviona atakuwa mwoga, na mwoga wa kilo 70 ndiye anayemrarua mtoto wa jirani.

Kwa hiyo muuzaji, weka mezani kabla ya kutaja bei: tarehe ya kuzaliwa inayothibitisha wiki 8, kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari, tarehe za dawa ya minyoo, na eksirei ya nyonga za baba na mama zilizopigwa baada ya miaka 2. Huna, usiuze. Na mnunuzi, usipoonyeshwa, ondoka.

NYONGEZA kwa walioniuliza inboksi:

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Ile ya parvo na homa ya mbwa huanza wiki 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki 16. Dozi moja haitoshi.

Wenye mashamba ya parachichi Njombe na Rungwe: okoteni yaliyodondoka. Mbwa anameza na kokwa, kokwa inaziba utumbo.

Aliyeuliza kuhusu Caucasian kwa ajili ya Kyela: manyoya yale ni ya milima yenye theluji, na Kyela ni joto na unyevu mwaka mzima. Usimpeleke.