Wewe mzee wa duka la jumla Mbuyuni, nirudishie vali ya baiskeli yangu!

Mama Machalari:
Wakuu, salamu nitatoa kesho. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bodaboda, haya ni mengine kabisa.

Ndiyo kwanza naingia nyumbani. Mikono imejaa grisi. Nimesukuma baiskeli yenye gunia la unga kutoka Mbuyuni mpaka Majengo, tairi la nyuma liko chini kabisa, rimu inasaga lami, mji mzima unanitazama. Sababu ni mtu mmoja. Jina silitaji, hakuna haja, mnamjua. Yule wa duka la jumla, kofia ya pama, anayekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki utadhani anasubiri kuapishwa. Kama yule mzee hajawahi kukutukana, wewe si mtu wa Moshi, umekuja kupanda mlima tu.

Mzee kachomoa vali ya tairi langu AKAITIA MFUKONI MWA SHATI.

Someni tena. Hakutoa upepo tu. Upepo ni jambo dogo, unaazima pampu kwa fundi, unajaza, unaondoka. Huyu kainama, umri ule, kwa mgongo ule anaotuambia kila siku unamuuma, akafungua nati, akachomoa vali na kile kimpira chake, akaipangusa vumbi, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha AKAFUNGA KIFUNGO. Kifungo cha mfuko! Nani siku hizi anafunga kifungo cha mfuko wa shati?

Eti nimeegesha "mahali pa wateja wenye usafiri". Na hapo nina risiti yake mkononi! Unga wake, pesa yangu, gunia nimeshalifunga kwa mipira kwenye karia. Pembeni kuna Noah imeziba nusu ya mlango, dereva kalala mdomo wazi, huyo haguswi. Baiskeli yangu ndiyo "inaharibu sura ya duka". Sura ipi? Duka lina rangi tatu na zote zimebanduka.

Mgahawa wangu unaendeshwa na baiskeli hiyo. Ndizi mchare alfajiri, mkaa, kreti za soda, mtungi wa gesi, madumu ya maji bomba likikauka, na pumba za ng'ombe wa mama mkwe. Karia imeongezewa nondo, stendi ni ya miguu miwili, inasimama na mzigo wake bila kushikwa. Bajaji ingekula faida yote kabla sijawasha jiko. Halafu mtu aliyekaa kutwa nzima kwenye plastiki anifundishe mimi maana ya usafiri!

Kifungo jamani. Alikifunga huku ananitazama machoni.

Kibo Baridi:
Siti ya mbele. Nani ana kahawa?

Fundi Spoku:
Pole mama. Ila kusukuma na mzigo tairi likiwa halina upepo, tairi umeliua, tyubu umeikata, na rimu sijui. Gurudumu la nyuma la hizi baiskeli lina spoku 40, la mbele 32, maana waliozitengeneza walijua uzito wote unakaa nyuma. Lakini rimu ikishapinda, hata ziwe spoku 100 hazikusaidii. Ungeshusha gunia ukaita mtu.

Mama Machalari:
Fundi, gunia ningemwachia nani? Yeye? Mtu aliyetia vali ya mwenzake mfukoni atashindwa kuliingiza gunia dukani na kuniuzia mara ya pili?

Meku Original:
Chai hii. Mzee namfahamu, mashati yake hayana mifuko.

Mama Machalari:
Yana mifuko! Wa kushoto! Shati la bluu, kifungo cheupe!

Kibo Baridi:
Kifungo cheupe. Ushahidi umepokelewa.

Dada wa Soweto:
Mimi namuunga mkono mama asilimia mia. Mwaka jana huyo huyo alininyima chenji akanipa peremende. Nikamwambia sina meno ya kutafuna shilingi mia tano. Akaniambia nimpelekee mtoto. Mtoto sina!

Meku Original:
Dada, sasa hapo tatizo ni chenji au mtoto?

NgarenaroFinest:
Moshi mna kero za kitoto aisee. Huku Arusha leo nimegongwa kiwiko pale Kilombero na toyo, pikipiki ya mizigo, iliyobeba kitanda. Kitanda cha sita kwa sita! Na mtu kalala juu yake kukishikilia. Inapita njia ya waenda kwa miguu, inapiga honi, na mwenye kitanda ananiambia mimi ndiye sioni. Nyie mnalilia vali.

Meku Original:
Nyie Arusha mambo ya baiskeli hamyajui, kaeni na toyo zenu. Gunia nani atalipandisha Kijenge Juu? Baiskeli ni Moshi. Kutoka mjini kushuka TPC, kule kiwanda cha sukari, unateleza tu.

Karia ya Chuma:
Unateleza ukiwa na mkoba wa laptop. Mimi napeleka bidhaa Kibosho na kurudi na ndizi, kwa hiyo tuambizane ukweli. Kupanda unasukuma, hakuna shujaa anayekanyaga pedeli na mzigo ule. Balaa ni kushuka na mikungu, mvua ya Aprili, breki za fimbo, rimu za chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki inaigusa bila kuishika. Unabana na bado unakwenda. Halafu wameweka tuta jipya katikati ya mteremko, halina rangi wala kibao, unalijua ukiwa umeshalifikia. Tuta lile limekata nondo ya karia yangu juzi. Aliyeliweka akitaka kujua kazi yake, aje ashuke nalo na mikungu minne.

Mama Machalari:
Pole kaka. Lakini tuta halina mfuko wa shati.

Msukuma wa Shy:
Nawasoma nashangaa. Huku Shinyanga baiskeli inabeba abiria, inabeba pamba, inabeba mgonjwa, inabeba hata baiskeli nyingine. Ukichomoa vali ya mtu mchana kweupe utaondoka ukiwa umebeba kiti chako cha plastiki kichwani. Nyie Wachaga pesa imewaharibu.

Dereva wa Masafa:
Msukuma kasema kweli. Nilipeleka mzigo Goma, kule wana chukudu. Ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedeli wala cheni, mtu anapiga goti moja juu anasukuma kwa mguu mwingine. Kinabeba mkaa, viazi, saruji. Wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye kipilefti! Mbeba mizigo kawekwa juu ya mnara. Hapa kwetu anachomolewa vali.

Mdau wa Njoro:
Na Ulaya je? Kopenhagen, Denmark, wana baiskeli za magurudumu matatu zenye sanduku kubwa mbele, zilianza kutengenezwa pale mtaa wa Christiania mwaka 1984. Mtu anabeba watoto, anabeba manunuzi ya wiki, anaegesha mbele ya duka na wala hakuna anayemuuliza. Hata mwenye cheo anaendesha.

Mzee wa Langasani:
Hao hao Wadenmaki ndio walioanzisha TPC yetu. Tajiri wa meli A.P. Møller, mwaka 1930, mashamba ya miwa kule Arusha Chini. Na mpaka leo njia ile ya TPC asubuhi ni baiskeli mtindo mmoja, majani ya ng'ombe yanatembea yenyewe, mtu humwoni.

NgarenaroFinest:
Arusha Chini! Kumbe sukari ni ya kwetu. Asante mzee.

Meku Original:
Arusha Chini iko Wilaya ya Moshi wewe! Iko njia ya TPC, imeandikwa mpaka kwenye vibao! Mnataka kuchukua na sukari? Mlima wenyewe kila kampuni ya utalii ya huko inautangaza kana kwamba mnaufungia stoo Sakina.

NgarenaroFinest:
Watalii wanalala wapi? Wanakula wapi? Moshi saa tatu usiku mmeshazima taa.

Dada wa Soweto:
Tunazima taa kwa sababu tunaamka kufanya kazi.

Mama Machalari:
JAMANI. Mtu katia vali yangu mfukoni. Mfukoni mwa shati. Akafunga kifungo. Kesho alfajiri ndizi zitafikaje?

Fundi Spoku:
Vali mpya ninazo, mama, na kimpira chake nitakupa bure. Lakini tairi na tyubu ni pesa, tusidanganyane. Na usiache tena baiskeli imeelemea ukuta na mzigo juu, fremu inapinda taratibu bila mtu kuona.

Mama Machalari:
Haikuelemea ukuta, ilisimama kwa stendi! Hata ungepita na kamba ya kupimia, nilikuwa nje ya mlango wake! Ile Noah ndiyo...

Muuza Viazi:
Samahani mama, vali ni kitu kidogo sana. Kubwa ni lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo. Sheria ya Vipimo inakataza, kila mwaka wanatangaza, na leo asubuhi nimeletewa gunia la viazi lina kichwa kirefu kuliko gunia lenyewe. Kimeshonewa wavu juu, kimefungwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja, dalali anauza debe kwa debe. Sasa nani mwizi hapo?

Karia ya Chuma:
Na sisi wabebaji mbona hututaji? Bei ya kubeba ni ya gunia moja, mzigo ni gunia na nusu. Kile kichwa kinakusukuma mgongoni kila ukikanyaga, na ukifunga breki kinakuja chote shingoni. Nikiomba nyongeza naambiwa "gunia ni gunia".

Muuza Viazi:
Kaka wewe unabeba dakika kumi, mimi nimefunga mtaji wangu wote mle.

Karia ya Chuma:
Dakika kumi! Njoo ubebe wewe hizo dakika kumi.

Kibo Baridi:
Tuacheni hayo. Debe la viazi Mbuyuni leo limesimama bei gani?

Muuza Viazi:
Inategemea debe la nani. Kuna mama pale kona kaligonga la kwake nyundo, kitako kimeingia ndani. Ukifika nyumbani, sufuria halijai.

Dada wa Soweto:
Huyo nimemnunulia jana! Nafungua uzi wake sasa hivi.