Siku moja Unguja kwa meli ya kitalii: Nungwi, Mkokotoni au kubaki mjini?

BintiMwambao:
Assalaam alaykum ndugu wanajukwaa. Mwezi wa Januari tutapita Unguja kwa meli ya kitalii, mimi, mume wangu na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua. Meli itafunga gati saa mbili asubuhi, na kila abiria anatakiwa awe amerudi ifikapo saa kumi na nusu jioni. Tunataka kuona wavuvi wakiwa kazini, kwani fukwe za kulala juani tutazipata kwingine. Nimesikia habari za Nungwi na Mkokotoni, ilhali wengine wananishauri nisitoke mjini kabisa. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

Msafiri wa Kisauni:
Sisi tulikwenda Nungwi, ambako ni kilomita 60 hivi kutoka bandarini, na safari ilichukua saa moja na nusu. Kilichonituliza kule ni mafundi wa vyombo. Nilisimama muda mrefu nikimtazama mmoja wao akitoboa ubao kwa keekee, akiuvuta upote wake huku na huku kama mpiga zeze; kisha akauzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuugongomea, ili maji yasipate pa kupenya. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yalikuwa yamesimama wazi juu ya mkuku, ule ubao mkuu wa chini, nawe unaona dhahiri jinsi chombo kinavyozaliwa. Hata hivyo, ukitoka hapo hatua chache tu unaingia katika hoteli na vijana wanaokuandama kukuuzia safari za kuona pomboo. Wakati wa kurudi tairi lilipasuka karibu na Kinyasini, na dereva tuliyejitafutia wenyewe hakuwa na la akiba. Tulifika gatini zikiwa zimebaki dakika 20. Ziara iliyopangwa na meli ikichelewa, meli huisubiri. Aliyejiendea kwa gari lake huachwa.

Nahodha Mstaafu:
Dada, kama ni uvuvi unaoutaka, Mkokotoni ni karibu kuliko Nungwi na hakujageuzwa kwa ajili ya mgeni. Mbele yako kipo kisiwa cha Tumbatu, ambacho watu wake ni mabaharia wa kutajika, na vyombo huenda na kurudi baina ya pande hizo mbili mchana kutwa. Lakini nisikufiche: ufuo wake ni wa matope na mikoko, na kwa mama mwenye magoti mabovu sidhani kama patamfaa. Ningekuwa na siku tatu ningekupeleka mwenyewe. Kwa saa nane sikushauri.

Mkaazi wa Funguni:
Mimi nashangaa watu wanavyolipa gari kwenda mbali kutafuta wavuvi, na diko la Malindi, pale wavuvi wanaposhushia samaki, liko pua na mdomo na bandari. Abiria wengi wakishuka hukimbilia Forodhani na Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, bila ya kujua kwamba wameipita kazi yenyewe njiani. Asubuhi vyombo vilivyokesha baharini hushusha changu, pono na kolekole, na dalali hupandisha bei kwa sauti ya haraka kiasi kwamba hata mimi mwenyeji wakati mwingine simfuati. Kutoka hapo unaweza kuingia soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, ukaona samaki wale wale wakikatwa na kuuzwa kwa vipande. Vaeni mavazi ya stara, na mwombeni mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha, kwa sababu wale wako kazini. Kama siku hiyo ni Ijumaa, jueni kwamba adhuhuri shughuli husimama kwa ajili ya sala.

BintiMwambao:
Nawashukuru sana. Naona nitamwacha mama mjini na mume wangu, kisha mimi niende Nungwi kwa ziara ya meli, kwani hao mafundi wamenitia hamu. Ni Jumanne, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Je, hilo lina athari yoyote?

Nahodha Mstaafu:
Lina athari kubwa. Hilo ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa hiyo maji yatakuwa yametoka kabisa mnamo saa tano asubuhi, na Nungwi utavikuta vyombo vimelalia mchangani, unaweza kuvizunguka kwa miguu. Mumeo naye asishangae asipoona dagaa pale dikoni. Hao huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hivyo wavuvi wao hawatoki. Pia uliza mapema kama saa ya melini inalingana na saa ya Unguja.

Mkaazi wa Funguni:
Mama akichoka, pale Darajani atapata kikombe cha kahawa chungu na kashata. Akae kibarazani, asihangaike kupanda ngazi za makumbusho.