Naomba ushauri: hesabu za mwendo wa mbegu ya kiume katika ute

Ndugu wanajamvi, naandaa tasnifu ya uzamili ya hisabati kuhusu jinsi mbegu ya kiume inavyoogelea katika ute wa mlango wa kizazi. Kwa umbo dogo kiasi hicho mnato (uzito wa kiowevu unaokinza mwendo) huzidi sana inesha (tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake), hivyo mkia ukitulia mbegu husimama papo hapo. Tena, kama mwanafizikia Edward Purcell alivyoeleza mwaka 1977, katika kiowevu kama maji mkia unaokwenda na kurudi kwa njia ileile hauifikishi popote. Nadharia ya Gray na Hancock ya 1955, inayokokotoa msukumo wa mkia kutokana na ukinzani wa kiowevu kwa kila kipande chake, ni nyepesi, lakini inafaa viowevu kama maji, ilhali ute una mnyumbuko, yaani huvutika na kujirudi. Mbinu ya mwanahisabati Charles Peskin ya kukokotoa pamoja mwendo wa kiowevu na wa kitu kinachopindika ndani yake, iliyobuniwa kwa ajili ya mtiririko wa damu moyoni, huweza kubeba mnyumbuko huo, ila inadai kompyuta yenye nguvu, nami nina ya kawaida tu. Je, nianzie wapi?