Karaoke nyumbani: sauti yangu inachelewa, na maiki inapiga mluzi

MamaPacha: Wapendwa, naomba msaada. Mashine ya karaoke nimeiunganisha na TV kwa waya wa HDMI, na TV inapeleka sauti kwenye spika ya Bluetooth. Maneno yanaonekana vizuri, ila sauti yangu inatoka nikiwa nimeshafika neno linalofuata. Nikisogelea spika, maiki inapiga mluzi. Mama mkwe anapenda mno kuimba, sitaki avunjike moyo.

FundiSpika: Kinachochelewesha ni hiyo Bluetooth, dada. Sauti hubanwa, husafirishwa, kisha hufunguliwa. Mara nyingi hupita milisekunde 100. Kwenye filamu TV huweza kuchelewesha picha ili vilingane, lakini mdomo wako nani atauchelewesha? Toa waya wa sauti kwenye mashine moja kwa moja hadi kwenye spika. TV ioneshe maneno tu.

Mwanakwaya: Mluzi ni maiki kusikia spika na kuirudishia sauti ileile, mzunguko usioisha. Spika ikae mbele, nyinyi mkiwa nyuma yake. Maiki iwe karibu na midomo, kisha punguza sauti yake kwenye mashine. Na tafadhali, mama asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja! Waimbaji wengi hufanya hivyo, na mluzi huzidi.

MamaPacha: Waya umemaliza ucheleweshaji wote, asanteni sana. Mluzi bado upo kidogo.

Mwanakwaya: Punguza na mwangwi (echo) kwenye mashine.