Asmini yangu majani tele, ua hata moja hakuna

BintiChumbageni:
Habari zenu wapenda maua. Ninakaa Kariakoo, ghorofa ya tatu. Kibaraza changu kinatazama kusini na mbele yake kuna jengo jingine. Shangazi yangu wa Tanga alinipa kipande cha asmini kutoka kwenye mti wa uani kwake, ule ule ambao tulipokuwa wadogo tulitumwa kuuchuma alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba, ili jioni afunge vikuba, vile vishada vya kujipamba, na mrihani. Mti ule hauhudumiwi na mtu. Unapata maji ya kuoshea vyombo, basi, na maua yanadondoka mpaka yanafagiliwa.

Wangu sasa naulea kama mwari! Ndoo ya lita 20, udongo mweusi na samadi, maji kila asubuhi, urea kijiko cha chai kila Ijumaa. Majani mapana, kijani kimekolea, matawi marefu mpaka yanachungulia dirishani kwa jirani. Ua, hakuna. Na sasa ncha za majani zimeanza kukauka na kuwa kahawia. Maji ninayotumia ni ya kisima cha jengo, yana chumvi chumvi, hata sabuni haitoi povu. Mama mmoja hapa chini ananiambia niongeze mbolea. Niongeze?

Kipapatio:
Mwagie maji ya kuoshea mchele. Utakuja kunishukuru.

FundiMiche:
Dada, usiongeze chochote. Hiyo urea irudishe kwa wenye mahindi. Asilimia 46 yake ni naitrojeni, na kazi ya naitrojeni ni kukuza majani na matawi, ndicho hicho unachokiona. Mti ukishiba hivyo hauna haraka ya kutoa maua. Tena mbolea ya chumvichumvi kila wiki, juu yake maji ya kisima ya chumvi, ndani ya ndoo: chumvi inakwenda wapi? Inabaki kwenye udongo. Ncha za majani kuungua ndiyo dalili yake. Kwangu watu wananiletea miche ya namna hii kila siku wakidhani ni ugonjwa, wanataka dawa.

Angalia kwanza kama ndoo ina matundu chini kabisa. Kuna watu wanatoboa ubavuni, halafu maji yanatuama chini na mizizi inaoza. Kama yapo, tafuta maji ya bomba au ya mvua, umwagie mengi mpaka yatiririke chini, subiri kidogo, rudia tena mara kadhaa. Udongo utasafika. Ukiwa na AC ndani, kinga yale maji yanayodondoka nje, hayana chumvi kabisa. Baadaye mwezi mmoja pumzisha, kisha NPK 17:17:17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, nusu kijiko cha chai kwa mwezi, udongo ukiwa umelowa.

Lakini hata ukifanya yote hayo, kibaraza chako ndicho kinachokuangusha. Sikiliza. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi mpaka kama katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kibaraza cha kusini, na ghorofa nyingine mbele, muda wote huo hakipati jua, kinapata mwanga tu. Mwanga unatosha kwa mimea ya sebuleni, ya majani. Asmini inataka jua lenyewe, saa tano au sita kwa siku. Mti wa shangazi yako hauishi kwa maji ya vyombo, unaishi kwa jua la uani.

Paa la jengo lenu si lipo? Pale panapoanikwa nguo. Usiupeleke siku moja ukauacha juani, majani yaliyozoea kivuli yatababuka. Wiki ya kwanza weka ukutani upate jua la asubuhi tu, halafu sogeza. Na pogoa sasa hivi, theluthi nzima iondoke.

BiMkubwa_Ngambo:
Mwanangu, salaam kutoka Unguja. Huyo fundi kasema kweli kwenye jua, lakini mkasi asikuharakishe. Mti uliochoka kwa chumvi ukiukata leo unauongezea tabu. Uache kwanza utoe majani mapya yasiyoungua ncha, ndipo ukate. Kukata lazima, kwa sababu asmini inatoa ua kwenye chipukizi changa, hayo matawi marefu ya zamani yanakula bure. Mimi hukata mvua za masika zikikaribia kwisha, joto likirudi mti umeshachipua. Kata juu kidogo ya pale majani yanapotokea.

Na vipande usivitupe. Chukua vile visivyo vibichi sana wala vigumu kama kuni, urefu wa shubiri, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, usiuache ukauke. Pengine ndoo yako ikifa utabaki na miche.

Maji ya mchele hayadhuru. Hayaotishi maua lakini.

Kipapatio:
Yangu yameota 😂

BiMkubwa_Ngambo:
Yako yako juani, baba.

BintiChumbageni:
Nimecheka peke yangu. Matundu yapo chini, nimehakikisha. Urea nimempa mlinzi, ana kishamba Chanika. Tatizo ni paa: kuna upepo mkali, na nguo zinaibwa, sembuse ua. Na majani ya juu nimeona tando nyembamba na vidoa vya njano, nikayafuta na kitambaa kikatoka kama vumbi jekundu.

FundiMiche:
Hao ni utitiri mwekundu, wanapenda mmea uliokaa pakavu pasipo na mvua. Usikimbilie dukani. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani, ndiko wanakokaa, jioni pulizia maji yenye sabuni ya maji kidogo sana. Rudia kila baada ya siku nne hivi, maana mayai hayafi kwa mpigo mmoja. Kwa upepo, egemeza ndoo ukuta wa tangi la maji na uweke mawe chini. Kwa wezi, wanaiba miti yenye maua. Wako bado hauna wasiwasi.