Fundi amefaulu jaribio la kazi, lakini cheti cha maadili mema kina rekodi. Nifanyeje?

Msimamizi wa karakana, Nairobi
Wadau, habari zenu. Tunatafuta fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Aliyewapita wenzake wote kwenye jaribio, cheti chake kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kimerudi na hatia ya wizi: mwaka 2019, kifungo cha miezi minane. Mwenye kampuni hataki hata kumsikia. Sheria inasemaje, na tukimchukua tujipange vipi?

Afisa ajira
Kwanza someni hiyo rekodi vizuri, maana wengi huishia kwenye neno "wizi". Ulizeni alishtakiwa kwa kifungu kipi cha Kanuni ya Adhabu. Cha 275 ni wizi wa kawaida. Cha 281 ni wa mfanyakazi kumwibia mwajiri wake, na huo ndio unaogusa stoo yenu moja kwa moja. Cha 296 ni unyang'anyi, jambo jingine kabisa. Mwombeni nakala ya hukumu. Hupatikana kwenye masjala ya mahakama iliyomhukumu, akiwa na namba ya kesi.

Na kwa watakaofuata: rekodi ikionyesha kesi ambayo bado haijaamuliwa, msikimbilie kumkata mtu. Mara nyingi kesi iliondolewa au mshtakiwa aliachiliwa, ila matokeo hayakufika kwenye faili la alama za vidole. Mwombaji achukue nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, aipeleke DCI faili lisahihishwe, kisha aombe cheti upya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada ni shilingi 1,050, na fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Mafundi wa saruji na chuma vidole vyao husuguka, alama zikatoka hafifu zikakataliwa. Anawe mikono, aikaushe vizuri kabla ya wino.

Mshauri wa sheria za kazi
Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakitaji rekodi ya jinai miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyoorodheshwa. Kwa hiyo mwenye kampuni hajafungwa mkono. Ila kukataa kila mwenye rekodi bila kuangalia kosa wala kazi ni uzembe, nasema wazi, na ndivyo mnavyopoteza mafundi wazuri. Zipo kazi ambazo sheria zake zenyewe zina masharti, kama ulinzi binafsi na ualimu. Kuchomelea mageti si mojawapo.

Mkimwajiri, mshahara uwe sawa na wa mwenzake anayefanya kazi ya thamani ileile. Kumpunguzia eti "tumemsaidia" ni kosa chini ya kifungu hichohicho. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, ila yeye akikubali kuongezewa. Na msimfukuze baadaye kwa rekodi aliyowaonyesha mwenyewe siku ya kwanza. Mahakamani mtaulizwa sababu mpya ni ipi. Weka kwenye faili barua aliyoeleza kosa lake kwa maandishi, nanyi mkasaini kuwa mmeipokea.

Fundi mkuu, Kariobangi
Karakana isiyo na hesabu huibiwa hata na wenye vyeti safi. Tengenezeni utaratibu wa wote, usiwe wake peke yake. Vijiti vya kuchomelea vitolewe kwa pakiti asubuhi, vigutu virudi jioni. Diski ya kukatia iliyokwisha irudishwe mkononi ndipo mpya itoke. Vipande vya mabomba vinavyozidi futi moja vipimwe na kuandikwa, maana huko ndiko chuma hupotelea, si kwenye bomba zima la mita sita. Kazi za kufunga geti nyumbani kwa mteja, watu waende wawili wawili.

Kosa kubwa ni siku grainda ikipotea, mtu mmoja kuitwa ofisini kabla daftari halijafunguliwa. Anzeni na saini ya mwisho ya aliyeichukua.

Halafu mwulize kama alifanya gerezani mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mtihani ni uleule wa nje, Gredi III kwanza, na cheti chake kina uzito uleule.

Msimamizi wa karakana
Nashukuru sana. Wenzake waambiwe?

Afisa ajira
Hapana. Alikupa taarifa hiyo kwa ajili ya uamuzi wa kuajiri, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka itumike kwa hilo tu. Wajue wewe na mwenye kampuni. Nakala ya cheti isikae kwenye droo ya ofisi inayofunguliwa na kila mtu, wala picha yake isitumwe WhatsApp.