Ndugu yupi afundishwe kumhudumia mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio?

Muuguzi, Dodoma Mjini
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninahudumu katika kliniki ya moyo, na wagonjwa wangu wengi wana mapigo yasiyo na mpangilio ya muda mrefu, baadhi yao kwa sababu valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Wanatumia warfarini ili damu isigande ndani ya moyo na kuleta kiharusi, na kwa wengi wao tunataka kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kibaki kati ya 2 na 3. Anayemleta mgonjwa kutoka Bahi au Mpwapwa mara nyingi ni mtoto wake mwenye kazi mjini. Namweleza kila kitu, anaitikia, kisha mgonjwa anarudi kwa mkwe au mjukuu ambaye hajasikia hata neno moja. Wenzangu mnafanyaje?

Muuguzi mstaafu
Dada, mimi niliacha kuuliza ndugu wa karibu ni nani, nikawa namuuliza mgonjwa, tukiwa wawili tu, nani alimpa dawa jana usiku na kama anaridhia mtu huyo aelezwe hali yake. Jibu mara nyingi lilikuwa mjukuu wa darasa la sita au la saba, na sikuona aibu kumfundisha. Mwonyeshe kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, kwa maana ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, mapigo yanayorukaruka yatakudanganya. (Hata mashine za kupimia shinikizo la damu hukosea kwa wagonjwa hawa.) Kisha afanye mwenyewe mbele yako. Kuitikia kwa kichwa si kujua.

Binti anayeuguza, Kongwa
Shikamooni. Naomba niseme kwa upande wetu sisi wa nyumbani. Kaka yangu alirudi kliniki na neno moja tu, kwamba mama asile mboga za majani. Sasa Mgogo umwambie aache mlenda, ugali wa uwele ataula na nini? Tulitii, na baada ya wiki chache mama akaanza kutoka damu kwenye fizi. Alipopimwa, INR ilikuwa imepanda mno. Ndipo muuguzi mmoja akanieleza mimi, mpishi, kwamba mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, na kwamba kinachotakiwa ni mama ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu dozi hupangwa kulingana na chakula chake cha kawaida. Tangu hapo napima mlenda kwa bakuli moja lile lile, kiangazi na masika.

Mfamasia
Pole sana, dada wa Kongwa, na umeeleza vizuri. Ninaongeza jambo la dukani: mgonjwa akiumwa mgongo au magoti, ndugu mwenye huruma humnunulia diklofenaki, ambayo ikikutana na warfarini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Anayetumwa duka la dawa abebe daftari la kliniki. Dozi iliyosahaulika jana isifidiwe kwa kumeza mbili leo. Choo kikiwa cheusi kama lami, au mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea, maneno yakakwama, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri kaka arudi kutoka mjini.

Muuguzi, Dodoma Mjini
Nawashukuru. Kuanzia kliniki ijayo nitaomba namba ya simu ya anayepika na anayetoa dawa, nimpigie mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yangu, na jina lake liandikwe kwenye daftari chini ya dozi. Mstaafu, shikamoo; naomba kuuliza, mgonjwa asiporidhia mkwe wake aelezwe, ulikuwa unamgeukia nani?

Muuguzi mstaafu
Marahaba. Nilimwachia achague mwenyewe. Mmoja alimchagua jirani, na jirani huyo hakuwahi kukosa kliniki hata moja.